Taa ya Kutazamia Uvimbe wa Kooni

Katika makala haya nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jinsi madaktari wa siku hizi wanavyoutambua uvimbe uliojificha ndani ya koo kwa kutumia mwanga wa rangi mbili tu badala ya mwanga mweupe. Nasema uvimbe, wala sisemi saratani, kwa kuwa uvimbe mwingi utokeao mahali pa sauti si saratani. Hata hivyo uvimbe huo usio saratani waweza kumnyima mtu sauti yake kwa miaka, na kwa mtoto mdogo waweza kuziba njia ya pumzi akafa. Kwa hiyo si jambo dogo.

Kwanza lazima tuelewane juu ya mahali penyewe. Hapa Hedaru, kama mahali pengi pa nchi hii, mtu akikohoa muda mrefu au akipwelewa na sauti, hakosi jirani wa kumwambia kwamba ana kimeo. Atapanuliwa kinywa, ataambiwa kimeo kimeshuka, kisha atatafutwa mkata vimeo. Sasa, kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Simama mbele ya kioo, panua kinywa, sema "aa," nawe utakiona. Sauti haitoki hapo. Sauti hutoka chini zaidi, katika kisanduku cha sauti ambacho vitabu vyetu hukiita zoloto, nacho kiko nyuma ya lile gegedu gumu linalopanda na kushuka shingoni umezapo mate. Kukata kimeo ili kuponya sauti ni kama kung'oa mlango wa sebuleni kwa sababu jikoni mna moshi. Tena jeraha lake huvuja damu na kuingia vijidudu, na wako watoto waliokufa kwa ajili ya kisu kile.

Ndani ya kisanduku hicho mna nyuzi mbili za sauti. Si nyuzi kama za gitaa. Ni mikunjo miwili ya nyama laini, imefunikwa utando mwembamba, na urefu wake kwa mtu mzima ni kadiri ya sentimita moja na nusu hadi mbili. Tuvutapo pumzi hufunguka kama mlango wa mabawa mawili. Tutakapo kusema hukaribiana, na pumzi itokayo mapafuni huzitikisa. Kwa mwanamume hugongana yapata mara 100 hadi 130 kwa sekunde moja, na kwa mwanamke mara 200 hivi. Mwalimu wa kike akisema kwa dakika 20 tu katika kipindi kimoja, nyuzi zake zimekwisha gongana mara 240,000. Wenye shaka na wafanye hesabu wenyewe.

Si ajabu basi kwamba nyuzi hizo huota vitu. Mtu apazaye sauti kila siku, kama mwalimu, mwadhini, mwimbaji wa kwaya, au wale vijana wauzao maji na karanga madirishani pa mabasi katika barabara kuu, aweza kupata vinundu, yaani sugu mbili ndogo zinazoelekeana, moja katika kila uzi. Ni kama sugu za mkono wa mwenye kushika jembe. Mwingine hupata polipu, kinyama laini ambacho mara nyingi huwa upande mmoja tu, na mara nyingine huanza siku moja tu ya kupiga kelele kupita kiasi. Wengine huwa na kifuko cha maji ndani ya uzi wenyewe. Wavutao sigara miaka mingi nyuzi zao hujaa maji na kulegea, hata mwanamke akapata sauti ya mwanamume. Halafu kuna papiloma, nayo ni mbaya kuliko hizo zote nilizozitaja, na nitaieleza kwa urefu mbele kidogo.

Taabu yenyewe ni kwamba masikio hayawezi kutofautisha. Kinundu, polipu, papiloma, kifua kikuu cha koo na saratani ichangayo, zote hutoa sauti ile ile ya kukwaruza. Lazima mtu atazame. Na kutazama ndiko kulikowashinda waganga wa dunia nzima kwa karne nyingi, kwa sababu mwanga husafiri katika mstari ulionyooka, lakini njia ya kwenda kwenye kisanduku cha sauti hupinda nyuma ya ulimi.

Aliyetatua fumbo hilo hakuwa mganga hata kidogo. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania aitwaye Manuel García, aliyekuwa akifundisha London. Mwaka 1854, akiwa Paris, alichukua kioo kidogo cha waganga wa meno chenye mpini mrefu, akakipasha moto kisije kikaingia ukungu, akakiweka nyuma ya kinywa chake. Kwa kioo cha pili cha mkononi akaelekeza miale ya jua ndani. Hapo akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufungika. Mwaka 1855 habari yake ilisomwa mbele ya wataalamu wa Royal Society huko London, na baada ya miaka michache madaktari wa Vienna na Budapest walikuwa wakikitumia kioo hicho kwa wagonjwa.

Lakini kuona ni jambo moja na kutambua ni jambo jingine. Kisa kinachoonyesha hivyo kinahusiana na nchi yetu kuliko mtu awezavyo kudhani. Mwanzoni mwa mwaka 1887, Frederick, mrithi wa kiti cha Ujerumani, alipwelewa na sauti. Madaktari wa kwao walitazama kwa kioo, wakaona uvimbe katika uzi wa kushoto, wakashuku saratani na kutaka kupasua. Akaitwa bingwa kutoka London, Morell Mackenzie, akakata vipande vidogo, na vipande vile vikapimwa kwa hadubini na Rudolf Virchow, ambaye hapakuwa na mpimaji aliyemzidi sifa wakati ule. Virchow hakuona saratani ndani yake. Upasuaji ukaachwa. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa dhahiri kwamba ni saratani. Frederick alitawazwa mwezi Machi 1888 akiwa hawezi kusema tena, akiandika amri zake katika karatasi, na baada ya siku 99 akafa. Tangu hapo watu wamebishana kama vile vipande vilikatwa mahali hasa penye ugonjwa. Aliyemfuata ni mwanawe, Wilhelm wa Pili, na ni katika enzi yake reli ya kutoka Tanga ilipojengwa ikapita hapa Hedaru na kufika Moshi mwaka 1911. Sisemi kwamba historia yetu ingekuwa nyingine kama koo lile lingetazamwa vizuri zaidi; jambo hilo nawaachia walimu wa Historia.

Swali lililobaki baada ya Frederick lilikuwa hili: daktari atajuaje ni wapi akate? Miaka zaidi ya 100 ilipita, vioo vikageuka mirija yenye lenzi, mirija ikageuka kamba laini za nyuzi za kioo, nazo zikawekewa kamera ndogo nchani. Picha ikawa kubwa na safi. Lakini mwanga ulikuwa bado mweupe, na hapo ndipo penye kasoro. Nyama ya kooni ni nyekundu, na mishipa ya damu iliyo ndani yake ni myekundu pia. Kutafuta vishipa vyembamba kama unywele katika hali hiyo ni kutafuta uzi mwekundu juu ya khanga nyekundu.

Mwaweza kujaribu jambo hili bwenini kwa gharama ya pipi mbili. Chukua daftari lililosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, funika kurunzi kwa nailoni nyekundu ya pipi umulike ukurasa. Alama nyekundu zitafifia, na kwa kalamu nyingine zitapotea kabisa, jambo ambalo litawafurahisha wengine wenu. Kisha badili, uweke nailoni ya kijani. Alama zile zile zitajitokeza zikiwa nyeusi. Sababu yake ni kwamba wino mwekundu huurudisha mwanga mwekundu machoni pako lakini humeza mwanga wa kijani.

Damu nayo hufanya vivyo hivyo. Kile kitu kinachoipa damu wekundu wake, himoglobini, humeza kwa nguvu sana mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 415, na pia mwanga wa kijani wa nanomita 540 hivi. (Nanomita moja ni sehemu moja katika milioni ya milimita.) Wajapani waliliona hilo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wakabuni taa yenye vichujio vinavyozuia rangi nyingine zote za upinde wa mvua na kuruhusu mikanda hiyo miwili myembamba tu. Mashine zake zilianza kuuzwa yapata mwaka 2005. Mwanzoni zilitumika zaidi kutazama umio, tumbo na utumbo, kisha zikaletwa kooni.

Uzuri wake ni huu. Mwanga wa buluu hauingii ndani sana; huishia katika utando wa juu. Basi vishipa vya juu kabisa huumeza na kuonekana vya rangi ya kahawia iliyoiva. Mwanga wa kijani huzama zaidi kidogo, na mishipa iliyo chini huonekana ya rangi ya samawati yenye ukijani. Nyama iliyobaki huonekana imepauka. Rangi hizo si za kweli, maana ni kompyuta izipangazo katika kioo cha kutazamia, lakini umbo la mishipa ni la kweli kabisa, na umbo ndilo daktari anachotafuta.

Mimi mwenyewe nimetazamwa hivyo. Wanafunzi waliokuwa Kidato cha Pili wakati ule watakumbuka muhula niliofundisha kwa chaki na ishara za mikono. Sauti ilikuwa imekwaruza kwa wiki sita. Katika hospitali moja kubwa nilipuliziwa dawa ya ganzi puani, nikaketi kitako, na daktari akapitisha mrija laini ulio mwembamba kuliko penseli kupitia tundu la pua. Machozi yalinitoka, lakini sikuumia. Kazi yote haikuchukua dakika tano. Niliziona nyuzi zangu katika kioo cha televisheni, nyeupe kama ganda la yai, na katikati yake viuvimbe viwili vikitazamana. Daktari akabonyeza kitufe, na picha yote ikageuka rangi, kama mtu aliyevaa miwani ya kijani. Akanionyesha vishipa vyembamba vya kahawia vilivyolala kwa urefu wa uzi, vikipita juu ya vile viuvimbe bila kuvunjika wala kujikunja. "Hivi ni vinundu, mwalimu," akasema, "havihitaji kisu. Vinahitaji unyamaze." Nikanyamaza, nikafundishwa namna ya kutoa sauti bila kukaza shingo, na baada ya miezi mitatu vilikuwa vimekwisha.

Nieleze zaidi juu ya vile vishipa, kwa maana ndivyo kiini cha habari hii. Fikiri fungu la fito. Zikiwa zimelala chini, unaona urefu wake. Zikiwa zimesimama nawe unazitazama kwa juu, unaona vichwa vyake tu, kama nukta. Katika uzi wa sauti ulio mzima, na katika vinundu na polipu, mishipa hulala. Katika papiloma na katika saratani, mishipa husimama na kuelekea juu, hata mtazamaji akaona nukta nyingi. Mwaka 2011 madaktari wa China walipanga maumbo hayo katika aina tano, na mwaka 2016 chama cha madaktari wa koo wa Ulaya kikarahisisha kwa kuyagawa makundi mawili tu, yaliyolala na yaliyosimama.

Mwanafunzi mwerevu atauliza hapa: kama papiloma na saratani zote zina nukta, mwanga huo una faida gani? Ni swali zuri. Papiloma ni mfano wa chunjua iliyoota kooni, na kila kidole chake kidogo kina kishipa kimoja katikati kikizungukwa na utando uliopauka. Mmekwisha yaona mayai ya chura katika dimbwi wakati wa masika, kila yai na nukta yake nyeusi ndani ya utando ang'avu? Ndivyo papiloma ionekanavyo katika mwanga huo: nukta zimepangika, kila moja katika nyumba yake. Katika saratani mpangilio huo huvurugika; vishipa huwa vinene, vimejipinda na kukatika ovyo. Jicho lililozoea hutofautisha mara nyingi, lakini si kila mara.

Ugonjwa huu wa papiloma huwapata hasa watoto wadogo, ingawa watu wazima nao huupata. Huletwa na virusi vya papiloma, aina ya 6 na ya 11, ambavyo mtoto huvipata kwa kawaida kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa, pasipo mama kuwa na habari. Miaka ya kwanza mtoto hulia kwa sauti ya kukwaruza. Watu husema ni sauti yake tu, amefanana na babu yake. Baadaye pumzi huanza kutoa mlio, hasa avutapo hewa ndani, na hapo huambiwa ana pumu. Hupewa dawa za pumu, nazo hazifai kitu, kwa sababu mapafu yake ni mazima. Mlango ndio ulioziba. Wengine hupelekwa kwa mkata vimeo. Wengine hufikishwa hospitali usiku, midomo imegeuka rangi, na kuwekwa tundu shingoni ili wapate pumzi. Tundu hilo huokoa maisha, lakini madaktari hulikwepa wakiweza, kwa kuwa papiloma zaweza kushuka na kuota hata hapo na chini zaidi.

Dawa ya kuumaliza ugonjwa huo mara moja haijapatikana. Mtoto hulazwa usingizi, vinyama vikaondolewa, sauti na pumzi zikarudi, na baada ya wiki au miezi vikaota tena. Wako watoto waliopasuliwa mara kumi na zaidi. Na hapa mwanga wa rangi mbili una faida ambayo nadhani ni kubwa kuliko zote: vinyama vidogo sana, ambavyo katika mwanga mweupe havionekani kabisa kwa kufanana na utando ulio jirani, hujitokeza kwa zile nukta zake. Daktari huviona vilivyosalia akaviondoa, na pia huacha salama mahali pasipo na kitu, asije akaukwangua uzi mzima na kumwachia mtoto kovu badala ya sauti.

Kuhusu kinga, baadhi ya chanjo za virusi hivyo zina kinga ya aina ya 6 na ya 11 pamoja na aina ziletazo saratani ya mlango wa kizazi. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ulichaguliwa kwa majaribio ya kuwachanja wasichana mwaka 2014, na mwaka 2018 chanjo ikaanza kutolewa nchini kote. Huko Australia, ambako uchanjaji ulianza mwaka 2007, papiloma za koo kwa watoto zimepungua mno hata zimekuwa nadra. Wasichana walionung'unika kwa ajili ya sindano ile sasa wanajua kwamba huenda inawakinga pia watoto ambao bado hawajazaliwa.

Nisije nikausifu mwanga huu kupita kiasi. Penye utando mweupe mnene juu ya uzi, vishipa havionekani, kwa kuwa mwanga haupiti. Penye damu au makohozi, picha huharibika. Mtazamaji asiyezoea aweza kuona ubaya usiopo. Wala mwanga hauondoi ile kazi ya Virchow: palipo na shaka kipande hukatwa na kupimwa kwa hadubini kama zamani, ila sasa daktari anajua vizuri zaidi pa kukata. Tena mashine hizi ni ghali, na daktari mzuri mwenye mrija wa kawaida na mwanga mweupe aweza kutambua mengi. Kinachodhuru zaidi ni kutotazamwa kabisa.

Kwa mtu wa Hedaru njia ni hii. Sauti ikikwaruza kwa ajili ya mafua, hurudi yenyewe kwa muda wa wiki moja au mbili. Ikizidi wiki tatu, aende kituo cha afya, na kama anakohoa kwa wiki mbili au zaidi makohozi yapimwe kifua kikuu. Kisha aombe rufaa ya kwenda penye daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara hiyo, nayo iko yapata kilomita 150 kutoka hapa kwa barabara ya lami. Afikapo amweleze daktari sauti ilianza kubadilika lini, kama inazidi au inapungua, kazi yake ni ipi, na kama anavuta sigara. Lakini mtoto avutaye pumzi kwa mlio, mbavu zikiingia ndani, huyo hangoji barua ya rufaa wala basi la asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile.